Kabla hujaenda kulala kwa mkongwe wa kujitolea Ujerumani

Anayekwenda kujitolea Ujerumani kwa weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana wa kujitolea, ana siku 25 za semina ndani ya mwaka. Ukiwa bado kwenye mafunzo ya mwanzo, unaweza kutumwa siku mbili tatu kwa mwenzako aliyekwisha kukaa huko miezi mingi, ukaione kazi yenyewe. Nenda, lakini jipange.

Tiketi kwanza. Ile ya mwezi ya nchi nzima ni ya treni za kawaida za mikoa. ICE na IC, zile treni za haraka za masafa marefu, hazimo. Ina jina lako, kwa hiyo beba pasipoti. Stesheni hazina geti, usidanganyike: mkaguzi akikukuta huna tiketi, ni euro 60. Soma pia kibao cha behewa, maana kuna treni hukatwa njiani, nusu ikaenda huku na nusu kule.

Koti, taulo, shuka, chaja. Hayo unayajua.

Sasa sikiliza hili. Mkongwe si mwenye nyumba. Anakaa na familia iliyompokea, au amepanga chumba kwenye nyumba ambayo jiko na choo ni vya wote. Dada mmoja Mtanzania niliyemfahamu, aliyekuwa akijitolea kwenye makao ya wazee, aliiambia familia yake kuwa mgeni mmoja angefika Jumamosi jioni. Mgeni akatokea Jumapili mchana, kaja na rafiki yake, mikono mitupu. Kwetu ungeongeza maji kwenye mchuzi, mkasogeleana. Pale mezani palikuwa na vipande vitano vya nyama kwa watu watano, na Jumapili maduka hayafunguliwi. Dada akamsogezea mgeni wa pili sahani yake, akasema ameshiba. Wageni wakala. Usiku wakapiga simu nyumbani, spika juu, vicheko mpaka saa sita, wakati kuanzia saa nne ni muda wa utulivu na majirani wa kule hawana mzaha nao.

Jumatatu wageni wakarudi semina wakisifu ukarimu. Aliyeitwa na mama mwenye nyumba ni dada. Kuanzia hapo, mgeni wake yeyote alipaswa kuombewa ruhusa wiki mbili kabla, na wa semina iliyofuata alikataliwa kabisa.

Kwa hiyo uliza mapema: unafika saa ngapi, unalala wapi, chakula kikoje. Ukichelewa hata dakika kumi, tuma ujumbe. Usimlete mtu. Mkate na matunda nunua Jumamosi, ukiwa njiani.

Kazini kwake usipige picha za wazee wala watoto, hata wakikuchekea. Muulize yale ambayo semina haiyagusi: pesa ya matumizi humwishia tarehe ngapi, akiugua humpigia nani, giza la Desemba alilivukaje, na mtu akitaka kuhama kituo huanzia wapi. Usimuulize mbele ya wenyeji wake. Akikwambia zito, usiende kulimwaga semina.

Mengine ni akili ya kawaida. Chupa za plastiki zenye alama ya amana usitupe, dukani hurudishiwa senti 25 kila moja. Dirisha ulilofungua lifunge. Usiguse mashine usiyoijua. Na ufunguo ukikabidhiwa, ushike kama pasipoti: kuna majengo ambayo ukipotea mmoja, hubadilishwa vitasa vya jengo zima na bili inakuja kwa aliyeupoteza.