Kukihifadhi kibofu au kukitoa mapema: jinsi ya kuamua ukiwa Kisumu au magharibi mwa Kenya

Mgonjwa anapoambiwa kwamba ana saratani ya kibofu cha mkojo ambayo bado iko katika hatua ya mapema lakini ni ya hatari kubwa, huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kukihifadhi kibofu, yaani uvimbe ukwanguliwe kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo kisha dawa itiwe ndani ya kibofu kwa muda mrefu, au anaweza kukitoa kibofu chote kabla saratani haijafika kwenye msuli. Uamuzi huu ni mzito, na jambo linaloniumiza ni kuona familia zikiufanya kabla ya kuwa na karatasi zinazouwezesha.

Anza na ripoti ya maabara ya kipande kilichotolewa kibofuni. Omba nakala yako, kisha muulize daktari kama kipande hicho kilikuwa na msuli wa kibofu ndani yake. Ikiwa hakikuwa nao, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba saratani haijaingia kwenye msuli, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya dhana. Uliza pia kama hatua yake ni Ta, iliyo kwenye utando wa juu tu, au T1, iliyopenya tabaka la chini ya utando, na kama imeandikwa Tis, ambayo ni saratani kali iliyotandaa kwenye utando bila kuinuka. Aina ya seli nayo ina uzito wake. Kichocho cha njia ya mkojo, kinachojulikana Pwani na pia katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, kinaweza kuleta saratani ya skwamasi, yaani ya seli bapa, ambayo haitibiki kwa dawa ya kutiwa kibofuni. Mgonjwa wa namna hiyo hufikiriwa upasuaji tangu mwanzo.

Kwa saratani ya T1, ukwanguaji wa pili hufanywa kati ya wiki 2 na 6 baada ya ule wa kwanza. Watu wengi huuona kama gharama ya bure, hasa wanapolazimika kusafiri tena kutoka Busia au Migori, lakini mara nyingi saratani iliyobaki hupatikana hapo, na kwa baadhi ya wagonjwa hugunduliwa kwamba tayari imeingia msulini. Usichague njia yoyote kati ya hizo mbili kabla ya hatua hii kukamilika.

Dawa kuu ya kuhifadhi kibofu ni BCG, bakteria hai waliodhoofishwa, ambao pia hutumika katika chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga. Calmette na Guérin waliitengeneza Ufaransa na ikaanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada akaeleza jinsi inavyozuia saratani ya kibofu kurudi. Dozi ya kibofu ni kubwa mno kuliko ya chanjo, kwa hiyo vichupa vya kliniki ya watoto havitoshi. Utaratibu unaofahamika ni kutiwa dawa mara moja kwa wiki kwa wiki 6, halafu wiki 3 mfululizo katika mwezi wa 3, wa 6, wa 12 tangu kuanza matibabu na kuendelea hadi miaka 3 kwa wenye hatari kubwa. Kwa kuwa dawa hii imekuwa ikiadimika duniani kwa miaka mingi, muulize mfamasia wa hospitali, kabla hujaanza, kama mzigo uliopo unatosha kumaliza angalau awamu ya kwanza na ile ya mwezi wa 3. Ikikosekana, uliza kuhusu gemsitabini ikifuatwa na dositakseli, dawa mbili za kawaida za saratani ambazo nazo hutiwa kibofuni kila wiki.

Mweleze daktari wazi kama unaishi na virusi vya UKIMWI, kama unatumia dawa zinazoshusha kinga, au kama uliwahi kuugua kifua kikuu. Dawa haitiwi ukiwa na damu inayoonekana kwenye mkojo, wala katheta, yaani mpira wa mkojo, ilipokuchubua siku hiyo. Baada ya kutiwa, uizuie kwa hadi saa 2, ukojoe ukiwa umeketi, na kwa saa 6 zinazofuata umwage jiki chooni na uache kwa dakika 15 kabla ya kumwaga maji. Homa kali isiyoshuka ndani ya siku moja au mbili inakutaka urudi hospitalini, ukitaja kwamba ulitiwa BCG, kwa sababu pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, haiwaui bakteria hao.

Kukitoa kibofu mapema kunastahili kupendekezwa kwa nguvu zaidi pale T1 inapoambatana na Tis, uvimbe unapokuwa mwingi au mkubwa, seli zinapokuwa za aina adimu na kali, au T1 inapopatikana tena katika ukwanguaji wa pili. Kwa mwanamume, tezi dume hutolewa pia. Kwa mwanamke, mara nyingi kizazi. Mkojo hupitishwa kwenye kipande cha utumbo hadi tundu la tumboni lenye mfuko, au hutengenezwa kibofu kipya kwa utumbo ikiwa figo zina nguvu. Nguvu za kiume huweza kupotea, na kwa hiyo mke au mume anapaswa kuwepo katika mazungumzo, wala asiletewe habari na wazee wa ukoo baada ya kila kitu kuamuliwa. Uliza daktari anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka, na kama jibu ni mara chache, omba rufaa. Uliza pia mifuko itapatikana wapi, kwa bei gani, na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, italipa sehemu ipi.

Ukichagua kuhifadhi, kubalianeni na daktari tangu siku ya kwanza lini mtaacha njia hii na kugeukia upasuaji. Kibofu huchunguzwa kwa kamera kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo. Mgonjwa asiyeweza kumudu safari hizo yuko salama zaidi akifikiria upasuaji. Saratani kali ikirudi baada ya BCG ya kutosha, kuongeza BCG hakusaidii, na upasuaji ndio unaopendekezwa, mradi mwili unauhimili. Tarehe ya kamera ya kwanza iandikwe kwenye kadi yako kabla hujatoka kliniki.