Kabla ya kutema mate: kumpeleka ndugu yako kwenye utafiti wa vinasaba vya skizofrenia

Mdogo wangu anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. Alipoombwa mate kliniki ili watafiti wasome vinasaba vyake, yaani chembe za urithi tunazopewa na wazazi, mama alikataa katakata. Kwetu Pwani mate ya mtu hayaachwi mikononi mwa usiyemjua. Mimi nilishawahi kufanya kazi ya kukusanya mate hayo hayo, nikaketi naye jikoni nikamweleza. Nawe nakueleza vilevile.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Wakiipata hiyo jeni, itakuwa ya upande wangu au wa babake?" Litakusumbua na wewe, maana familia nyingi huvunjikia hapo. Jeni moja, yaani kinasaba kimoja, ya ugonjwa huu haipo. Utafiti uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa 76,755 na wasiougua 243,649, ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana nao, na kila moja huongeza hatari kidogo mno. Sote tumebeba baadhi yake. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Kwa hiyo mwambie mama yako mapema: tumbo lake halina kosa.

Halafu atauliza kwa nini wanataka mate yetu. Wengi mno wa waliopimwa mpaka sasa wana asili ya Ulaya, ilhali vinasaba vya Waafrika ndivyo vyenye tofauti nyingi zaidi duniani. Vipimo vya kukadiria hatari ya kuugua vilivyotengenezwa kwa damu ya wengine hukosea vikiletwa kwetu. Ndiyo sababu NeuroGAP-Psychosis, mradi wa kutafiti vinasaba vya magonjwa makali ya akili, ulikusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini.

Sasa ridhaa, na hapa usiharakishe. Chagua siku ambayo mgonjwa ametulia, amelala vizuri, amekula dawa zake. Fomu isomwe kwa lugha anayoielewa, na majibu yatoke kinywani mwake, si mwako. Mhudumu mzuri atamwomba arudie kwa maneno yake: utafiti ni wa nini, anaweza kujitoa au la. Akichanganyikiwa, rudini siku nyingine. Nimewahi kuona kaka mtu akimjibia mgonjwa kila swali huku mgonjwa anatazama dirishani. Sikuchukua mate yale. Ulizeni pia mate yatapelekwa wapi, yatakaa miaka mingapi, nani ataliona jina. Na muulize kama atapewa majibu yake. Mara nyingi hapewi, na matibabu yake hayabadiliki kwa sababu ya mate hayo, kwa hiyo dawa zisiachwe hata siku moja.

Kutema kwenyewe kunataka subira. Nusu saa kabla, asile, asinywe, asivute sigara, asitafune miraa wala bazoka. Maji anywe mapema, kabla ya nusu saa hiyo kuanza, kwa sababu baadhi ya dawa hukausha mdomo. Mdogo wangu alitema mara tatu, povu tupu, na povu halihesabiwi: ni mate yenyewe yafike kwenye mstari wa kichupa. Nikamwambia asugue mashavu kwa nje, ulimi auzungushe, akumbuke embe mbichi la chumvi na pilipili ya unga. Akacheka, mate yakaja. Ukifunga kifuniko, dawa iliyo ndani yake humwagikia mate ili yasiharibike. Mhudumu anatoa faneli ya juu ya kichupa, anakifunga kwa kifuniko kingine, kile kidogo, anakikaza, anatikisa. Dawa hiyo isiguse macho wala isinywewe.

Msiondoke bila nakala ya fomu ya ridhaa. Ina namba ya kupiga siku akitaka kujitoa. Yetu iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, pamoja na kadi ya kliniki, na aliyeiweka pale ni mdogo wangu mwenyewe.