Mtoto Asiyenyoosha Kidole: Namna ya Kutambua Dalili za Usonji Mapema

Wazazi wengi hushtuka mtoto anapotimiza miaka 2 bila kutamka neno, ilhali dalili za usonji mara nyingi huwa zimejitokeza miezi kadhaa kabla ya hapo, na hazikai mdomoni peke yake. Mimi humshauri mzazi aanze kwa kutazama kidole. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache, akiwa mgongoni mwa mama na kuona ng'ombe anapita, hunyoosha kidole, kisha hugeuza shingo kumtazama mama ili ajue kama naye amemwona. Hamtaki yule ng'ombe. Anataka wamwone pamoja. Mtoto mwenye usonji aghalabu hukawia kufika hatua hiyo, au haifiki kabisa. Akisikia kiu humshika mama mkono, humvuta hadi lilipo jagi na kuuweka ule mkono juu ya kifuniko, bila kumtazama usoni, kana kwamba mkono huo hauna mwenyewe.

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza kabla mtoto hajazaliwa, na sehemu kubwa ya chanzo chake imo katika urithi wa vinasaba. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 huko Marekani, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walisingiziwa kwamba waliwanyima watoto wao upendo. Nadharia hiyo imekwisha kutupiliwa mbali, ingawa lawama yenyewe bado inasikika katika vikao vya ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, kwa hiyo si jambo la nadra.

Ili kumchunguza mtoto nyumbani, chagua wakati ambapo ameshiba, haumwi na nyumba imetulia. Mwite jina kutoka nyuma akiwa anacheza, bila kupiga makofi wala kumgusa, na urudie siku nyingine, kwa sababu kila mtoto huwa na siku ya kutosikia la mtu. Kisha onyesha kitu cha mbali, kama vile taa au paka aliye ukutani, useme "Tazama kule!", na uangalie kama macho yake yanafuata kidole chako au yanabaki kwenye mkono wako. Tazama pia anavyocheza. Wako watoto wanaopindua gari la kuchezea na kuzungusha gurudumu moja kwa nusu saa, wengine hupanga vifuniko vya soda kwa mstari ulionyooka na kulia kwa uchungu kimoja kikisogezwa, na wengine hutembea kwa ncha za vidole, hupunga mikono wakifurahi, au huziba masikio blenda inapowashwa. Wapo wanaokariri tangazo zima la televisheni ilhali hawawezi kuomba maji, na ukiwauliza "Unataka uji?" hujibu "Unataka uji?". Dalili moja peke yake haitoshi, maana watoto wengi hupanga vitu. Kinachopaswa kukusukuma kutafuta msaada ni pale ugumu wa kuwasiliana unapoandamana na mazoea hayo. Wala usidanganyike na kukumbatiwa: wapo watoto wenye usonji wanaopenda mno kubebwa.

Umri nao una uzito wake. Mtoto ambaye kwa miezi 12 habwabwaji wala haitiki jina lake, kwa miezi 16 hana hata neno moja, au kwa miezi 24 haunganishi maneno mawili kwa kujitungia mwenyewe, apelekwe akachunguzwe. Aliyekuwa anaongea kisha akapoteza maneno apelekwe mara moja, awe na umri wowote.

Hapa ndipo ushauri wa mtaani hupoteza muda mwingi. Mzazi ataambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kuongea, kwamba akatwe udata, yaani ule utando unaoushika ulimi kwa chini, au kwamba lugha mbili za nyumbani zimemchanganya. Lugha mbili hazisababishi usonji, na ulimi ulioshikwa hauelezi kwa nini mtoto haonyeshi kidole. Chanjo nayo husingiziwa, pengine kwa sababu dozi ya pili ya surua na rubela hutolewa katika miezi 18, umri uleule ambao wengi huanza kuona tofauti. Makala ya Uingereza ya mwaka 1998 iliyoeneza hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha, na tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote.

Siku ya kliniki foleni ni ndefu, mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, kadi hujazwa, na mama huondoka bila kuulizwa lolote kuhusu mawasiliano ya mwanawe. Basi nenda na karatasi yenye mambo uliyoyaona pamoja na tarehe zake, na video fupi mbili au tatu kwenye simu, kwa kuwa mtoto huenda asifanye chochote kati ya hayo mbele ya daktari. Omba masikio yapimwe kwanza, hata kama mtoto hukimbilia jikoni asikiapo pakiti ya biskuti ikifunguliwa. Kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 lipo dodoso la maswali 20 liitwalo M-CHAT. Matokeo yake huonyesha nani achunguzwe zaidi, hayathibitishi usonji. Uthibitisho hutolewa na mtaalamu anayemtazama mtoto na kumsikiliza mzazi, kwa kawaida katika hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili au Kenyatta, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Anayekuuzia dawa ya kuuondoa usonji anakula fedha zako.

Usingoje majibu ndipo uanze kazi. Keti sakafuni uso wako uwe sawa na wake, cheza anachocheza yeye, na uige sauti zake. Shika kikombe karibu na uso wako, sema "maji", kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Akikutazama, akitoa sauti au akinyoosha mkono, mpe papo hapo. Kabla ya kubadilisha shughuli, mwonyeshe kitu cha shughuli inayofuata: sabuni kabla ya kuoga, viatu kabla ya kutoka. Na kwa kuwa wengi wao hutoroka kimyakimya na huvutwa sana na maji, funika kisima na mapipa, weka komeo la juu mlangoni, na uwaambie majirani kwamba wakimwona peke yake wamshike mkono, hata kama haitiki wakimwita.