Siki ya mchele si moja: ijue chupa kabla hujaimimina

Dada yangu alinipigia simu akiwa dukani Dar. "Mbele yangu pana chupa nne, zote siki ya mchele. Moja nyeupe kama maji, moja ya manjano, moja nyekundu, moja nyeusi kama sosi ya soya. Nichukue ipi?" Nikamuuliza anataka kupika nini. Akasema bado hajui, ataamua akifika nyumbani. Nikamwambia rudisha zote, amua kwanza.

Siki hizi hazibadilishani nafasi. Nyeusi ukiitia kwenye wali wa sushi ya Kijapani umeharibu wali, na nyeupe ukichovyea jiaozi, zile sambusa laini za Kichina za kuchemsha, utaona ukali tu, ladha hakuna.

Asili yake lakini ni ile ile ya siki ya mnazi tunayoijua pwani. Tembo likiachwa, utamu wake hugeuka kilevi, kisha kilevi hugeuka ukali. Mchele hauna utamu wa kuanzia, una wanga. Kwa hiyo Wachina na Wajapani huupika, huutia ukungu maalumu unaogeuza wanga kuwa sukari, halafu safari inaendelea kama ya tembo. Tofauti ya chupa na chupa inatokana na mchele uliotumika, kilichochanganywa nao, na muda siki ilioachwa ikae.

Nianze na nyeusi, maana ndiyo niliyoishi nayo. Nilisoma miaka minne Zhenjiang, mji wa mkoa wa Jiangsu, ukingo wa kusini wa mto Yangtze. China nzima ukitaja Zhenjiang mtu anafikiria siki. Kiwanda cha Hengshun kipo tangu 1840, na mji una hata jumba la makumbusho la siki. Wenyeji huhesabu mambo matatu ya ajabu ya kwao, na mojawapo ni siki isiyoharibika hata ikae vipi. Kwenye chupa nyingi zinazouzwa nje jina la mji huandikwa Chinkiang. Ni mji ule ule.

Siki hiyo huitwa xiangcu, siki yenye harufu nzuri. Hutengenezwa kwa mchele wa kunata, pumba za ngano na makapi ya mpunga. Haichachuki ikiwa majimaji. Ni kama chicha nzito yenye unyevu, na mafundi huigeuzageuza ili hewa ipite ndani. Ikishakamuliwa na kuchemshwa huwekwa miezi sita au zaidi. Ndiyo maana ukiinusa unapata kitu kama ukwaju na sukari guru iliyoungua kidogo, na ukali unakuja nyuma, taratibu. Mtu asiyeweza kula ngano aiepuke, kwa sababu ya zile pumba.

Mwezi wangu wa kwanza niliitia kwenye mchuzi wa nyama mwanzo kabisa, nyama haijaiva. Ilichemka nusu saa. Harufu ilijaa jikoni, kwenye bakuli haikubaki kitu ila uchungu. Mama aliyekuwa na kibanda cha tambi karibu na bweni letu ndiye aliyenifundisha. Aliniita xiaomei, mdogo wangu, akanisimamisha kando ya karai lake. Alipika kabichi mpaka ikalainika, akainua chupa, akaizungusha siki kwenye ukingo wa karai, si juu ya kabichi. Siki ikagusa chuma cha moto, ikafoka, ikateremka chini. Akageuza mara mbili, akaepua. Tangu kutia siki hadi kuepua hazikufika sekunde kumi. Mpaka leo napika hivyo.

Kwa kuchovyea haihitaji moto kabisa: kijiko kimoja au viwili kwenye kisahani, na tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Au chukua matango mawili, yaponde kwa ubavu wa kisu yapasuke, yakate vipande, yatie chumvi, yaache dakika kumi na umwage maji yake. Kisha tia kitunguu saumu kilichopondwa, vijiko viwili vya siki nyeusi, kimoja cha sosi ya soya, nusu kijiko cha chai cha sukari na matone ya mafuta ya ufuta. Ukiyakata matango kwa kisu bila kuyaponda, siki huteleza juu yake. Yakipondwa, inaingia kwenye nyufa.

Usichanganye hii na siki nyeusi ya Shanxi, kaskazini mwa China. Hiyo ni ya mtama, shayiri na njegere, si ya mchele. Nzuri, kali zaidi, lakini ni kitu kingine.

Sasa nyeupe na ya manjano. Kwenye chupa ya Kichina tafuta herufi mbili, 米醋, husomwa micu. Ya kwanza ni mchele, inafanana na msalaba wenye miale minne kwenye pembe. Ya pili ni siki. Ukikuta 白醋 ni siki nyeupe tu, na mara nyingi mchele haumo. Siki ya mchele ya Japani huandikwa 米酢, na ni pole: asidi yake ni kama asilimia 4.2 hadi 4.5, wakati siki nyeupe ya kawaida madukani huwa 5. Upole huo ndio unaoifaa kwa wali wa sushi, saladi na kachumbari ya kula siku hiyo hiyo. Lakini achari ya kuweka kabatini miezi mingi usiifanyie hii. Ukali wake hautoshi kulinda chakula. Tumia ya asilimia 5, au weka achari kwenye friji na uimalize mapema.

Wali wa sushi wa vikombe viwili vya mchele mfupi wa sushi unataka siki vijiko vinne vya chakula, sukari viwili, chumvi kijiko kimoja cha chai. Pasha moto mdogo mpaka sukari iyeyuke, isichemke. Mwaga wali kwenye sinia ungali wa moto, nyunyiza, kata kwa mwiko ukiwa umeulaza ili usiuponde, huku mtu akiupepea wali. Kabla ya hapo soma nyuma ya chupa. Ukiona sukari na chumvi, hiyo imeshaungwa, usiongeze chochote. Mimi niliwahi kuongeza, wageni wakala wali mtamu kama kaimati.

Nyekundu nitaipitia haraka. Aina za mkoa wa Fujian, kusini mwa China, kama ya Yongchun, hupata rangi kwa mchele uliooteshwa ukungu mwekundu. Inapendeza kwenye supu nzito na vyakula vya tamu na kali. Mkoa jirani wa Guangdong wana nyeusi tamu, ambayo huchemshwa na tangawizi nyingi na mayai, pamoja na miguu ya nguruwe, kwa mzazi aliyejifungua. Sisi Waislamu tungeacha nguruwe, ila wazo la kumtia mzazi joto tunalijua vizuri.

Japani nao wana kurozu, nyeusi ya mchele usiokobolewa. Kule Fukuyama, mkoani Kagoshima, huchachushwa nje juani, safari nzima ndani ya mtungi mmoja. Wengi huinywa kwa maji. Ipo pia akazu, ya machicha ya sake, ule mvinyo wa mchele wa Kijapani, ambayo mtengenezaji sake Nakano Matazaemon alianza kuitengeneza mjini Handa mwaka 1804. Wapishi wengi wa sushi wa mtindo wa zamani wanaipenda.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu kilevi. Siki yenyewe ni kitoweo alichokisifu Mtume (s.a.w.). Cha kuangalia ni majirani zake kwenye rafu: mirin halisi, mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia wa Kijapani, ina kilevi kama asilimia 14, na mvinyo wa mchele wa Shaoxing nao hukaa kwenye chupa inayofanana sana na ya siki. Hizo si siki.

Ukikosa ya manjano, chukua siki nyeupe ya kawaida sehemu tatu, maji sehemu moja, na sukari kidogo sana. Siki ya tufaha ni bora zaidi. Ukikosa nyeusi, mimi hutumia maji mazito ya ukwaju na tone la sosi ya soya. Haifanani kabisa, lakini kwa kuchovyea inakubalika.

Dada alirudi dukani jioni. Alikuwa ameamua matango, akachukua nyeusi. Usiku akanitumia picha ya chupa, ina mashapo meusi chini, akiuliza kama imeharibika. Hapana. Nyeusi hutulia hivyo. Itikise, ifunge vizuri, iweke mbali na jiko.