Jinsi ya kujitambua ukiwa ndotoni

Kujitambua ndotoni ni kujua kuwa unaota huku bado umelala. Ndoto ndefu huja kuelekea asubuhi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na kipindi cha kuota hurefuka kadiri usiku unavyosonga. Kwa hiyo usijisumbue na mbinu hii unapoingia kitandani. Ukilala saa 4 usiku, tega kengele ya saa 9. Mvuvi wa dagaa anayerudi mwaloni asubuhi na kulala mchana ahesabu saa tano tangu alipolala.

Wiki moja au mbili kabla, weka daftari kando ya mto wa kulalia. Ukiamka usijigeuze wala kushika simu: ikumbuke ndoto kwanza, ndipo uandike. Tafuta yanayojirudia, kwa mfano, kwa mtu wa Mwanza, feri ya Kamanga ikipita nchi kavu, au Jiwe la Bismarck kuonekana limehamia Kirumba. Hizo ndizo alama zako.

Kengele ikilia, kaa macho dakika 10 hivi, taa iwe hafifu. Rudi kitandani, ikumbuke ndoto uliyotoka kuota, useme moyoni: "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota." Kisha ipitie upya akilini, ukifika kwenye alama, jione ukishtuka na kutambua kuwa ni ndoto. Endelea hivyo mpaka usingizi ukuchukue. Mbinu hii ni ya Stephen LaBerge, mtafiti wa Marekani, na nguvu yake yote imo katika nia. Wengi hukwama hapa: hukariri maneno huku mawazo yakiwa kwenye kodi ya nyumba.

Mchana, jikague kama unaota, ili uzoee kufanya hivyo hata ndotoni. Bana pua, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ndotoni hewa mara nyingi hupita tu. Au soma kibao cha daladala, angalia pembeni, soma tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Mara tano kwa shaka ya kweli zinashinda hamsini za mazoea.

Ukishatambua, tulia, maana furaha kubwa huamsha. Sugua viganja, gusa ukuta. Ukijiona umeamka, jikague tena, kwani huenda bado unaota.

Ukikabwa na jinamizi, usiogope. Ubongo huulegeza mwili wakati wa ndoto, na wewe umezinduka kabla ulegevu haujaisha. Pumua polepole, chezesha kidole cha mguu. Hupita kwa sekunde au dakika chache.

Usiku mmoja au miwili kwa wiki unatosha, kwa sababu kukatiza usingizi kila siku huchosha. Aliyewahi kusikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo aongee na daktari kwanza.