Umepangiwa kozi ya saketi za kidijitali? Jiandae hivi kabla semista haijaanza

Mdogo wangu kanipigia juzi, kapangiwa kozi ya saketi za kidijitali semista inayokuja, na swali lake la kwanza likawa "kaka, hii kozi watu wanadisko?", yaani wanafukuzwa chuo kwa kufeli. Nikacheka, ila swali la haki, maana ukiwasikiliza waliotangulia nusu watakwambia ni mteremko na nusu watakwambia walipigwa sapu, mtihani wa marudio. Wote wako sahihi. Wiki tatu nne za mwanzo ni mteremko kweli, moja na sifuri, geti za AND na OR (vijisaketi vinavyopokea moja na sifuri na kutoa jibu la moja au sifuri), mtu anajisemea haya si nliyasoma sekondari, anaanza kuruka vipindi, afu inafika wiki ambayo saketi inaanza kuwa na kumbukumbu na hapo ndo darasa linagawanyika. Nikamwambia ngoja nikuandikie. Hesabu nzito humu hamna, kuna utaratibu wa mkono, na huo hauji usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista.

Kama ulipita PCM, mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu, fukua daftari la form five, ile topiki ya Logic kwenye Advanced Mathematics ambayo wengi tuliifanya kwa sababu ina maksi za bure. Mnakumbuka pale mwisho mlikuwa mnapewa sentensi mnachora swichi? Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja ni "na", zikipangwa sambamba ni "au". Basi hiyo ndo kozi yenyewe, ndo maana vyuo vingine wanaiita saketi za swichi. Aliyeunganisha mambo haya ni Claude Shannon, mwaka 1937, kijana wa miaka 21 anaandika tasnifu yake ya masters pale MIT, akaonyesha kwamba mitambo ya rilei, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme zilizokuwa zinaendesha simu, inaweza kuandikwa kwa aljebra ya George Boole ya miaka ya 1800. Ukishaandika kama aljebra unaweza kurahisisha, na ukirahisisha umeokoa rilei, yaani umeokoa hela. Kila utakachofanya semista nzima kinarudi hapo. Kama umetokea diploma ya ufundi na hiyo Logic hukuipitia usihofu, mkono wako umezoea waya kuliko wa hao PCM na utawahitaji wao wiki ya pili, wao watakuhitaji wewe wiki ya sita.

Kitu kimoja cha kuweka sawa mapema ni neno "au". Mama ntilie akikuuliza "wali au ugali?" anategemea utaje kimoja, ukijibu "ndiyo" atakuangalia vibaya. Geti ya OR haiko hivyo, yenyewe kimojawapo kikiwepo ni moja, vyote viwili vikiwepo bado ni moja. Ile "au" ya mama ntilie ina geti yake, inaitwa XOR. Na kanuni za De Morgan zinazowasumbua watu ziko kwenye mazungumzo yetu ya kila siku, mtu akikwambia "siyo kweli kwamba nimekula na nimekunywa" maana yake kimojawapo hakijafanyika, hajasema vyote viwili. Ukikanusha "na" inageuka "au", ukikanusha "au" inageuka "na". Ukiielewa kwa Kiswahili hutaikariri kwa alama, na zile alama za mistari juu ya herufi, za kukanusha, ndo zinakula watu maksi, mstari mmoja mrefu juu ya A na B haufanani kabisa na mistari miwili mifupi.

Namba sasa. Uwe unaweza kubadilisha kutoka desimali kwenda bainari (moja na sifuri) na heksadesimali (inayohesabu kwa 16) bila kalkuleta na bila kufikiria sana. 13 ni 8 na 4 na 1, kwahiyo 1101, heksadesimali ni D. Kipande kinachohitaji muda ni namba hasi, ile tuuzi komplimenti (two's complement), njia ya kuandika namba hasi kwa bainari. Unataka hasi 5 kwa biti nne, yaani tarakimu nne za moja na sifuri, chukua 0101, geuza zote zinakuwa 1010, ongeza moja unapata 1011. Afu jiulize kwa nini biti nne hizohizo ukichukua 7 ukaongeza 1 inakuja 1000 ambayo ni hasi 8, kaa nalo mpaka likuingie kwa sababu swali la namna hiyo huwa linakuja. Mi nlikuwa najizoeza kwenye daladala, naona namba ya basi naigeuza bainari kabla halijapita, jamaa wananiona mwehu.

Tabia ninayoisisitiza kuliko zote: ukipewa swali la maneno usikimbilie kuchora geti, andika jedwali la ukweli kwanza. Chukua taa ya ngazi kwenye nyumba ya ghorofa, swichi iko chini nyingine iko juu, ukibonyeza yoyote hali ya taa inabadilika. Andika: chini 0 juu 0 taa imezimwa, chini 0 juu 1 inawaka, chini 1 juu 0 inawaka, zote 1 imezimwa. Ukimaliza mistari minne hiyo jibu liko mbele yako, ni XOR, ile ya mama ntilie, na fundi umeme wa mtaani anaifunga kila siku kwa swichi za njia mbili bila kuita jina hilo. Watu wanafeli maswali ya maneno kwa sababu wanaruka jedwali wanaanza kubuni saketi kichwani, kichwa kinabeba vigezo viwili, yaani vitu viwili vinavyoingia, vizuri, vikifika vinne kinaanza kukudanganya.

Jedwali likishakuwepo linaingia kwenye ramani ya Karnaugh, jedwali lilelile likipangwa kwa vyumba ili uzungushie moja zilizo jirani na kurahisisha saketi, aliitoa Maurice Karnaugh wa Bell Labs mwaka 1953 na mpaka leo ndo swali la uhakika la mtihani. Hapa pana mtego mmoja tu wa kijinga, mpangilio wa pembeni ni 00, 01, 11, 10. Mtu kazoea kuhesabu anaandika 00, 01, 10, 11 na hapo ramani nzima imekufa, hata kama mviringo wako mzuri kiasi gani. Sababu ya mpangilio huo ni kwamba vyumba viwili jirani lazima vitofautiane biti moja, ndo inaruhusu ile herufi inayobadilika ifutike. Na vikundi ni vya 1, 2, 4, 8, kikundi cha tatu hakipo, na kingo za ramani zinashikana kulia na kushoto, juu na chini, kwahiyo pembe nne za ramani ya vigezo vinne ni kikundi kimoja halali. Chora kumi kwa mkono kabla ya semista, kumi tu.

Haya, maabara, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo palinitoa jasho.

Bumu, ile hela ya mkopo, likitoka, kabla halijaisha kwa chipsi, nunua bredibodi yako (ubao wa matundu wa kufungia saketi bila kulehemu), maltimita ya kupimia umeme ya bei ya chini na LED kadhaa na rezista, Kariakoo vipo, Nairobi wanaenda Luthuli. Waya wa kuunganishia usinunue, omba kipande cha kebo ya mtandao kwa fundi wa intaneti, ndani mna nyaya nane za shaba moja nzima nzima zinazoingia kwenye matundu vizuri sana. Jifunze bredibodi kwa maltimita, matundu matano matano yameshikana, katikati pana mfereji wa kutenganisha miguu ya chipu, na ile mistari mirefu ya umeme pembeni kwenye bodi nyingine imekatika katikati bila kukwambia, nusu ya saketi yako haina umeme na we unaanza kulaumu chipu.

Praktiko yangu ya pili ilikuwa ya geti za NOR, yaani OR iliyokanushwa. Wiki iliyotangulia tulitumia chipu ya 7400 ambayo ni NAND, AND iliyokanushwa, miguu 14, mguu wa 1 na wa 2 vinaingia, wa 3 unatoa, wa 7 graundi, wa 14 volti 5. Nikaikariri, nikajiona fundi. Wiki hiyo tukapewa 7402, sura ileile, miguu ileile 14, nikaunganisha vilevile. Haifanyi kazi. Nikabadilisha waya, nikabadilisha LED, nikaomba chipu nyingine, saa nzima imeenda. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole, akapita akagusa chipu kwa kidole, akakitoa fasta.

"Kijana, data shiti yako iko wapi?"

"Mzee, ninayo kichwani."

"Kichwani kwako iko ya chipu nyingine."

Kumbe 7402 inatoa kwenye mguu wa 1, vinavyoingia ni wa 2 na wa 3. Mi nlikuwa nasukuma volti 5 moja kwa moja kwenye mguu unaotoa, geti inataka sifuri mimi nalazimisha moja, wanapigana humo ndani mpaka inachemka. Tangu siku hiyo kabla sijagusa waya nachora chipu kwenye karatasi na namba za miguu yote. Na usidhani umeme uko 7 na 14 siku zote, 7490 ya kuhesabia volti 5 inaingilia mguu wa 5 na graundi ni wa 10.

Mengine ya maabara kwa haraka. Betri ya volti 9 usiichomeke moja kwa moja, familia ya 74LS inataka kati ya 4.75 na 5.25, chaja nzuri ya simu inatosha. Mguu unaoingia usiuache unaning'inia, kwenye LS mara nyingi utasomeka kama moja, kwenye HC, familia nyingine ya chipu hizi, hautabiriki kabisa, unasogeza mkono taa inawaka unatoa inazima, utafikiri kuna jini. Kila chipu iwekee kapasita ya nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme. Na jenga kipande kwa kipande, unafunga geti moja unaipima, ndo unaenda ya pili, mwenye kufunga nyaya arobaini ndo awashe huyo atatoka wa mwisho.

Sasa ile wiki niliyosema. Mpaka flipu-flopu zinaingia, saketi ilikuwa inajibu unachokipa sasa hivi tu, ukijua vinavyoingia unajua kinachotoka. Flipu-flopu inakumbuka biti moja, kwahiyo vinavyoingia vilevile vinaweza kutoa majibu tofauti kutegemea ilikuwa wapi kabla kloki, ule mpigo unaoiambia ibadilike, haijapiga. Jedwali lako linaongezeka safu mbili, hali ya sasa na hali inayofuata, na wengi wanapotea hapo kwa sababu tu walizoea jedwali fupi. Kabla ya semista jaribu kaunta moja ndogo ya kuhesabu 0 mpaka 4 kisha inarudi. Hali ni tano, flipu-flopu mbili zinakupa nne tu hazitoshi, unahitaji tatu ambazo zinakupa nane, zimebaki 5, 6 na 7 ambazo huzitumii. Watu wanaziandika "haijalishi", yaani jibu lolote ni sawa, wanaendelea, sawa, lakini jiulize ukiwasha umeme kaunta ikaamkia kwenye 6 itaenda wapi? Ikiwa inazunguka 6 na 7 milele kaunta yako haitarudi kazini. Mwalimu akiona umelijibu hilo bila kuulizwa anakuongezea heshima.

Na ukiipigia kloki kwa kitufe cha mkono utabonyeza mara moja itahesabu mbili au tatu. Saketi ni nzima, tatizo chuma cha kitufe, kikigusana kinadundadunda kwa milisekunde kadhaa na flipu-flopu inaona kila mdundo. Utafundishwa kulituliza kwa lachi ya SR, kumbukumbu ndogo ya geti mbili, ila ujue mapema usije ukaibomoa saketi nzima iliyokuwa sawa, mwenzangu mmoja alibomoa mara mbili.

Kwenye laptop weka Logisim Evolution, programu ya kuigiza saketi, ya bure na nyepesi. Itumie kuhakiki ulichokichora kwa mkono, ukianzia huko mtihani utakukuta hujui kuchora. Kama kozi yenu ina Verilog mwishoni, lugha ya kuelezea saketi kwa maandishi, ujuzi wa lugha ya programu ya C utakusaidia kusoma alama na kukuponza kwenye fikra, maana kule mistari haisubiriani kutoka juu kwenda chini, ni vyuma vilivyokaa pamoja vinafanya kazi kwa wakati mmoja.

Madesa yatakuwepo, hayajawahi kukosekana. Pasti pepa zifanye, ila kwenye kozi hii kukariri jibu hakukusaidii sana, mwalimu akihamisha "haijalishi" mbili kwenye ramani jibu lote limebadilika na we umeandika la mwaka juzi kwa mwandiko mzuri.

Ukiwa na jioni moja tu ya kujiandaa fanya hivi. Tafuta 74HC86, hiyo ina XOR nne, jenga ile taa ya ngazi. Swichi ya kwanza toka volti 5 kwenda mguu wa 1, ya pili vilevile kwenda mguu wa 2, kila mguu uwe na rezista ya kilo omu 10 kwenda graundi ili usining'inie, mguu wa 3 upeleke LED nyekundu kupitia rezista ya kilo omu 1, volti 5 toa 2 za LED zinabaki 3, gawa kwa 1000, miliampia 3, chipu inamudu bila kulalamika. Miguu inayoingia ya geti tatu zilizobaki ipeleke graundi. Isipowaka anza kwa maltimita kati ya mguu wa 7 na wa 14, na weka ncha kwenye mguu wenyewe wa chipu, usipime kwenye tundu la bodi.