Mnyama asiyemo kwenye BOQ hajengewi kivuko: mwongozo kwa wanaopanga barabara

Mwongozo huu wa kuwapatia wanyamapori pa kuvukia barabara ni wa mhandisi, afisa mipango wa wilaya au mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji. BOQ ni orodha ya kazi, vipimo na gharama anayojengea mkandarasi. Mfano wangu ni kipande cha Makuyuni hadi Minjingu, anachokipita kila atokaye Arusha kwenda Babati. Eneo hilo ndilo lenye ushoroba (mapito ya wanyamapori) wa Kwakuchinja, unaounganisha Tarangire na Ziwa Manyara.

Hatua ya 1: Wahi kabla mstari haujachorwa

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari, lakini mara nyingi wataalamu huitwa njia ikiwa imeshaamuliwa. Tafuta ramani za shoroba mapema. Makao makuu ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, yapo hapa hapa Arusha, na kanuni za shoroba za 2018 zinakupa pa kushikia. Kama kuna njia ya kuzunguka, ikadirie gharama sasa. Barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti ilizuiwa na Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa mjini, Juni 2014. Kuzunguka kulipaswa kujadiliwa mezani, si mahakamani.

Hatua ya 2: Hesabu, na uhesabu misimu yote

Hapa usifanye haraka. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutawanyika kwenda Simanjiro na kaskazini kuelekea Gelai. Kiangazi hurudi mtoni. Mshauri anayekuja Agosti tu, akakuta barabara imetulia, ataandika kwamba hakuna tatizo.

Pita kunapopambazuka. Ukichelewa, fisi na tai (na, tusifichane, watu wenye visu) watakuwa wamemaliza ushahidi. Kwa kila mzoga andika aina, nukta ya GPS, kimo cha tuta la barabara na kama kuna kichaka karibu. Bundi, sungura na kobe nao waandikwe.

Kisha hesabu nyayo. Mzoga unaonyesha mnyama aliposhindwa. Nyayo zinaonyesha anapotaka kupita, na mara nyingi si mahali pamoja. Waulize madereva wa malori ya usiku na skauti wa Burunge, eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji (WMA). Kwa wazee wa Kimaasai, salimia, kaa, kunywa chai, ndipo uulize tembo walipita wapi mwaka wa ukame mkali. Jibu la swali hilo linafaa kuliko wastani wa miaka mitano.

Hatua ya 3: Chagua kivuko kwa mnyama, si kwa picha

Matuta ya kupunguza mwendo ni rahisi na yanafanya kazi: Jozani, Unguja, yamepunguza vifo vya kima punju. Kwa mbega, kamba za kuvukia juu ya barabara zinatumika Diani, Kenya. Kalavati la maji linawafaa wanyama wadogo ukiacha ukingo mkavu ndani yake. Tembo anahitaji njia pana ya chini, kama ile iliyofunguliwa karibu na Mlima Kenya mwaka 2011. Ni lazima aone mwanga upande wa pili, la sivyo atageuka. Usijenge uzio usioelekeza kwenye kivuko.

Hatua ya 4: Iandike kwenye BOQ

Ripoti inaweza kuwa na kurasa mia tano, mkandarasi atajenga kilicho na bei. Kila kivuko kiwe na mstari wake, kipimo chake na gharama yake. Ongeza kufukia mashimo ya moramu: yakijaa maji huwavuta wanyama kando ya lami. Ongeza pia matengenezo, maana alama za barabarani huibwa.

Hatua ya 5: Linda ardhi pande zote mbili

Mara nyingi kinachofunga ushoroba ni fremu za maduka na viwanja vinavyoifuata lami, kuliko lami yenyewe. Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mkandarasi kufika, eneo la kuvukia liingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na wenye mashamba hapo wazungumzwe nao kuhusu fidia. Njia ya tembo inayotokea kwenye ukuta wa gesti ni fedha ya umma iliyofukiwa.

Barabara ikifunguliwa, rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa vituo vilevile na saa zilezile. Mizoga ikihamia kilomita mbili mbele, hamisha matuta.